Sura ya Nne: Mbona Mteja Harudi?

Kila anayeuza kupitia simu hulifikia swali hili mapema au kwa kuchelewa. "Nina wafuasi elfu nane, naposti kila siku, nimelipia matangazo na watu wamenunua. Mbona hawarudi?" Anayeuliza anaweza kuwa dada wa Sinza anayeshonesha magauni ya vitenge, kijana anayechagua viatu vya mtumba alfajiri pale Karume, au mama wa Tanga anayesaga viungo vya pilau na kuvituma mikoani. Bidhaa zinatofautiana, swali ni lilelile.

Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba aongeze matangazo. Tuna hata msemo wa kuliunga mkono: biashara matangazo. Siupingi. Lakini tangazo linamfikisha mtu mlangoni tu. Akishatoa pesa yake, kinachomrudisha au kumfukuza ni yale anayokutana nayo baada ya pale: alijibiwa vipi, mzigo ulifika lini, ulifanana na picha au la, na gauni lilipombana nani alibeba hasara. Sura hii inahusu kipindi hicho, kati ya muamala wa kwanza na wa pili, kwa sababu ndicho kinachoamua kama biashara ndogo ya mtandaoni itamlisha mwenyewe.

## Hesabu ya gauni moja

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mambo haya yataonekana ni ya adabu tu. Tuseme kitambaa na fundi vinakugharimu shilingi 22,000 na gauni unaliuza 35,000. Mfuko wa kufungia ni 1,000. Nauli ya bodaboda analipa mteja. Unabaki na 12,000.

Sasa unalipia tangazo la Instagram la shilingi 60,000. Wanakuja wengi wa kuuliza bei, na sita wananunua. Gawa 60,000 kwa sita: kila mnunuzi umempata kwa 10,000. Hiyo ndiyo gharama ya kumpata mteja, yaani pesa yote uliyotumia kutangaza ukiigawa kwa idadi ya walionunua. Kwenye gauni la kwanza, basi, umebaki na 2,000, na hapo hujahesabu bando, makato ya kutoa pesa kwa wakala, wala saa ulizokaa macho usiku ukijibu meseji.

Mteja huyohuyo akirudi baada ya miezi mitatu, hukumlipia tangazo. Gauni la pili linakuachia 12,000 nzima. Ukitaka faida hiyohiyo kwa wageni, unahitaji wageni sita.

Fanya hesabu hii kwa bidhaa yako leo, kwa bei zako halisi. Wauzaji wengi hawajawahi kuifanya, na ndiyo maana utamkuta mtu ana oda nyingi, anasifiwa mtandaoni, na kila mwisho wa mwezi anakopa kwenye VICOBA ili anunue mzigo mpya. Anauza sana kwa watu wa mara moja.

## Wafuasi si wako

Mfuasi ni mtu aliyebonyeza kitufe. Mteja ni mtu aliyekupa pesa. Watu hawa wawili tunawachanganya kwa sababu namba ya wafuasi inaonekana juu ya ukurasa na namba ya wateja waliorudi haionekani popote.

Kuna jambo jingine. Hata hao wafuasi, si wewe unayeamua kama watakuona. Zamani Instagram ilipanga picha kwa kufuata muda: ya mwisho kupostiwa ilikaa juu. Mwaka 2016 mpangilio huo ulibadilishwa, na tangu hapo programu ndiyo inayokadiria kila mtu angependa kuona nini kwanza. Mfumo huo wa kukadiria huitwa algoriti. Januari 2018, Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook nayo itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya biashara. Muuzaji aliyejenga ukurasa wake kwa miaka kadhaa akaona watu waliokuwa wakimfikia wanapungua, na hakuna kosa alilofanya.

Tena kuna siku ukurasa haupatikani kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Uganda walikutana na makubwa zaidi. Julai 2018 walianza kutozwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, na Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini humo. Aliyekuwa na wateja wake wote kwenye ukurasa wa Facebook alijikuta hana namna ya kuwaambia kwamba bado yupo.

Sisemi uache mitandao. Duka lako liko huko na wanunuzi wako huko. Ninachosema ni kwamba mtu akishanunua, mtoe kwenye mkono wa algoriti umweke kwenye daftari lako.

## Daftari la wateja

Linaweza kuwa daftari la karatasi la dukani, linaweza kuwa jedwali kwenye simu. Kwa kuanzia napendelea la karatasi, kwa sababu halihitaji chaji na simu ikiibwa linabaki nyumbani. Kwa kila aliyenunua, andika:

- jina analopenda kuitwa, na namba yake ya WhatsApp;
- alichochukua, saizi, rangi na tarehe;
- anakokaa na mzigo unavyomfikia: bodaboda, au basi gani na stendi ipi;
- alikufikiaje: tangazo, rafiki, au alikuona kwa mtu;
- jambo moja alilolitaja mwenyewe, mfano mdogo wake anaolewa Desemba.

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo watu wanaloliruka. Mtu akikutajia harusi amekuambia mwezi atakaonunua tena, na kwa kuwa harusi zetu zina sare, huenda atanunua pamoja na dada zake wote.

Kando ya daftari tumia WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Ni ya bure. Inakuwezesha kupanga bidhaa na bei zake kwenye katalogi, kuandaa majibu ya maswali yanayojirudia, na kuwawekea wateja lebo, yaani alama za rangi kama "amelipa", "mzigo uko njiani" au "wa mara ya pili". Ina pia orodha ya matangazo: unaandika ujumbe mmoja, unawafikia watu hadi 256, na kila mmoja anaupokea peke yake bila kuwaona wengine.

Lakini orodha hiyo ina sharti ambalo wengi hawalijui, wakaishia kuwalaumu wateja kwamba hawajibu. Ujumbe wa orodha unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kama hajakuhifadhi, ujumbe haufiki. Kwa hiyo siku unayomtumia mzigo wa kwanza, mwombe waziwazi: "Hifadhi namba hii, mzigo mpya ukiingia uone kabla ya watu wa ukurasani." Mpe sababu, naye atahifadhi. Na stetasi, zile picha za WhatsApp zinazokaa saa 24, nazo kwa kawaida zinaonekana na waliokuhifadhi. Sentensi hiyo moja ya kuomba kuhifadhiwa inaweza kukufaa kuliko tangazo la kulipia.

Neno juu ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Namba na anwani ulizopewa ni kwa ajili ya biashara yako na mteja. Usimuuzie mtu orodha yako, usiwatie wateja kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yao, na usibandike skrinshoti ya mazungumzo huku namba ya mtu inasomeka. Nimeona kurasa zinazoonyesha "ushuhuda" wa wateja zikiwa zimeanika majina kamili na namba za simu. Mteja akijiona pale harudi, na ana haki.

Kwa ufupi: mitandao ni ya kumpata mtu, daftari ni la kumtunza. Aliyenunua aandikwe siku hiyohiyo, na aombwe kuhifadhi namba yako siku hiyohiyo.

## Hofu iko upande wa mnunuzi

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mtu wa Songea anaweza kumlipa muuzaji wa Kariakoo ambaye hajawahi kumwona. Pesa inafika kwa sekunde. Mzigo unafika kesho au keshokutwa. Katikati ya hapo hofu yote ni ya mnunuzi, na karibu kila mnunuzi wa mtandaoni ameshatapeliwa au ana ndugu aliyetapeliwa. Anapokuuliza mara tatu kama mzigo ni wa kweli, usichukie. Anakuogopa kwa sababu ya mtu mwingine.

La kwanza la kupunguza hofu hiyo ni bei. Ile tabia ya kuandika "bei inboksi" inawafukuza watu wazuri kimyakimya. Mteja anadhani utampima kwanza, uone kama ana pesa, ndipo umtajie. Andika bei hadharani, na gharama ya usafiri pia. Picha nazo ziwe za bidhaa uliyonayo mkononi, si zile za kiwandani ng'ambo ambazo kurasa ishirini zimezibandika. Toa vipimo kwa sentimita: kifua, kiuno, urefu. Na jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa lifanane na jina la ukurasa wako. Ukisajili jina la biashara BRELA na kuchukua lipa namba kwa jina hilo, mteja anaona analipa anakodhani analipa. Jina la mjomba wako likitokea pale, ana kila sababu ya kusitisha.

Kwa walio mjini, wengi wenu mnaruhusu mtu alipe akishaupokea mzigo. Ni vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa kuna watakaozima simu bodaboda akiwa ameshafika. Kwa wa mikoani hakuna budi alipe kwanza, na hapo ndipo picha na risiti zinapofanya kazi ambayo sura yako ingeifanya mngekuwa ana kwa ana.

Mwaka 2019 una kisa cha kukumbuka. Aprili mwaka huo Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni iliyoanzia Lagos, iliingia kwenye soko la hisa la New York. Novemba mwaka huohuo ilifunga shughuli zake Tanzania, ikisema inaelekeza nguvu zake kwenye masoko mengine. Watanzania hawakuacha kununua mtandaoni. Waliendelea kununua kwa watu wanaoweza kuwapigia simu na kuwauliza, "Dada, hiyo rangi ni maziwa au nyeupe kabisa?" Hapo ndipo muuzaji mdogo anapoizidi kampuni kubwa, na inasikitisha kuona anapotupa nafasi hiyo kwa kutojibu meseji.

## Baada ya pesa kuingia

Nikiulizwa biashara nyingi zinampotezea mteja wapi, nitajibu ni hapa. Kabla ya kulipa aliitwa bosi, mpendwa, dada yangu wa nguvu. Amelipa, kimya. Anauliza asubuhi, anajibiwa usiku kwa neno moja: "Umetoka." Umetoka kwenda wapi, na basi gani?

Mtu aliyelipa yuko macho kuliko mtu yeyote kwenye simu yako. Mtangulie kabla hajauliza:

"Dada, habari za leo. Gauni lako limetoka kwa fundi, hili hapa kabla sijalifunga. Kesho alfajiri linapanda basi la Mwanza pale stendi ya Magufuli. Nitakutumia picha ya risiti na namba ya ofisi ya basi, uende na kitambulisho."

Ujumbe huo hauchukui dakika mbili kuuandika, na unamwondolea mtu siku mbili za wasiwasi. Mzigo ukifika, uliza kama ameupokea. Kisha subiri siku tatu au nne, mpaka awe ameshalivaa, ndipo umuulize limemkaaje. Usichanganye swali hilo na tangazo la mzigo mpya. Ukilichanganya, atajua ulikuwa humuulizi hali ya gauni.

Na lugha iendane na mtu. Mteja mwenye umri wa mama yako hatakiwi kupokea "mambo dia" kutoka kwa kijana anayemuuzia mashuka. "Shikamoo mama" haina gharama, na inamwambia kwamba upande wa pili kuna mtu aliyelelewa.

Sasa lile jambo gumu: mzigo umefika na una kasoro. Mteja anaandika kwa hasira kwamba gauni linambana, tena ameandika hadharani kwenye maoni ya picha. Muuzaji mwenye njaa ya siku hiyo atajitetea, atasema vipimo ulitoa mwenyewe, atafuta maoni, atamzuia. Ameokoa 35,000 na amempoteza mtu pamoja na wote wa kundi lake la VICOBA, maana hadithi ya kutapeliwa inasimuliwa kwenye kila kikao. Wazee walishasema biashara haigombi. Mjibu palepale hadharani kwa utulivu kwamba umemwona na unamtafuta, kisha mhamie WhatsApp:

"Pole sana dada. Linabana kifuani au mikononi? Kama mshono una akiba ya kitambaa, mpelekee fundi wa karibu, gharama yake nakurudishia leo. Kama hauna, lirudishe kwa basi, nauli juu yangu."

Rudi kwenye hesabu yetu. Fundi wa mtaani atamtoza labda 3,000 kulegeza mshono. Kumpata mnunuzi mgeni kulikugharimu 10,000. Kwa hiyo hata ukiweka wema pembeni, 3,000 hizo ni matumizi ya busara. Nami siuweki wema pembeni. Mtu amekupa pesa yake bila kukuona sura, na unawajibika kwake.

Tena aliyelalamika akasikilizwa mara nyingi anashikamana nawe kuliko ambaye hakuwahi kupata tatizo, kwa kuwa yeye ameshaona unafanya nini mambo yakiharibika. Mwingine bado anakisia.

Wapo wanaotumia nafasi hii vibaya: wanavaa gauni kwenye harusi Jumamosi, Jumatatu wanalirudisha lina harufu ya manukato. Weka sharti mapema, lisomeke kwenye ukurasa: kurudisha ni ndani ya siku kadhaa, halijavaliwa, na lebo ipo. Sharti lililojulikana kabla halimwudhi mtu mwaminifu.

## Nyongeza badala ya punguzo

Ukienda sokoni kununua nyanya fungu la elfu moja, mama anayekujua anakurushia mbili juu. Bei ya fungu haijashuka. Jirani aliyenunua kwa bei ileile hana cha kulalamikia. Nawe wiki ijayo unajua utasimama kwenye meza gani.

Punguzo la bei linafanya tofauti. Ukishusha gauni kutoka 35,000 hadi 28,000 kila mwisho wa mwezi, wateja wanajifunza kusubiri mwisho wa mwezi, na aliyenunua kwa 35,000 wiki iliyopita anajiona mjinga. Punguzo linafaa kwa mzigo unaotaka kuumaliza, si kwa kumtunza mtu.

Nyongeza ya mtandaoni iwe ndogo na imhusu yeye: kilemba cha mabaki ya kitambaa kilekile cha gauni lake, kipakiti cha iliki kwa anayechukua viungo mara ya tatu, kamba za ziada kwenye raba. Mabaki ya kitenge fundi angeyafagia. Na usiitangaze. Aikute ndani ya mfuko.

## Kila bidhaa ina kalenda yake

Mafuta ya nywele yanaisha. Mashuka yanachakaa polepole. Gauni la sare linavaliwa siku moja. Kwa hiyo kumkumbusha mteja kila Jumatatu kwa sababu kuna mtu alisema "posti kila siku" ni kumchosha. Ukijua chupa ya mafuta inamalizika kwa wiki sita, mwandikie wiki ya tano. Huo ni msaada, na ataupokea hivyo.

Kisha kuna kalenda ya nchi. Mishahara inaingia mwishoni mwa mwezi. Januari pesa yote inakwenda shuleni, na anayeuza begi na viatu vyeusi awe amejiandaa Desemba. Ramadhani inasogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo muuza tende na viungo asikariri mwezi wa mwaka jana. Wanaonunua nguo za Idd wanaanza kuuliza kabla hata mfungo haujafika katikati, na mafundi hapo huwa wameshajaa. Mtumie mteja wa mwaka jana ujumbe mapema, ukimtajia saizi yake kutoka kwenye daftari. Kwake ni nafuu kubwa kutopimwa upya.

## Mteja aliyenyamaza

Mwisho, wale waliokatika. Pitia daftari kila baada ya miezi mitatu, uwaorodheshe walionyamaza muda mrefu kuliko kalenda ya bidhaa yao. Waandikie mmoja mmoja, si kwa orodha ya matangazo:

"Dada, habari za siku nyingi. Nilikuwa napitia daftari nikaona ulichukua mashuka ya sita kwa sita mwezi wa nne. Yanaendeleaje baada ya kufuliwa? Kama kuna kitu hakikukupendeza niambie."

Wengine hawatajibu. Asiyejibu mara mbili mwache apumzike. Wachache watajibu kwa kuagiza, kwa sababu tu wamekumbukwa. Na mmoja au wawili watakuambia jambo walilolibeba miezi yote hiyo: rangi ilichuja, bodaboda alimjibu vibaya, mara ya pili alipewa mfuko uliochanika. Andika kila neno, mshukuru, rekebisha, kisha umrudie kumwambia umerekebisha nini. Kama muda wako ni mdogo, anza na walionunua mara mbili kisha wakakatika, kabla ya walionunua mara moja. Aliyerudi mara ya pili alikuwa ameshakuamini, na kilichomkatisha mara nyingi ni kitu kimoja mahususi anachoweza kukutajia.